Fundi wa Lifti Anapanda Ngazi

Dada yangu mpendwa,

Karani wa chama cha akiba na mikopo hapa kazini alisema jana jioni kwamba kamati itanisikiliza Alhamisi ijayo, saa nne asubuhi. Nimeanza na hilo kabla ya salamu ili usisome barua nzima roho ikiwa juu, ukidhani nimefukuzwa kazi au nimelazwa. Sijafukuzwa wala sijalazwa. Nina deni, na habari ya deni lenyewe ni ndefu, ndiyo maana nimenunua karatasi.

Sasa salamu. Hujambo wewe, na Mama hajambo? Goti lake linasemaje na baridi hii? Shemeji amepona kikohozi? Watoto nawasalimu mmoja mmoja, na yule kitinda mimba mwambie sijasahau kwamba ananidai maelezo ya kwa nini lifti haianguki. Mimi mwili mzima. Nalala, nakula kidogo kuliko zamani, meno yote yapo.

Najua umenipigia simu na hukunipata. Naizima, na sababu utaikuta mbele. Lakini hata kama ungenipata nisingekuambia haya kwa simu. Ukiniuliza habari, mdomo wangu hujibu nzuri kabla sijaufikia. Kwa hiyo barua hii ataileta mwenye duka la vitambaa hapa chini ninapokaa. Anasafiri Jumatatu kuja pande zenu kuchukua mali, na ameahidi kuifikisha mkononi mwako kabla hajagusa mzigo wowote.

Mambo yalianza mapema mwaka huu. Bosi alituita mafundi wote kwenye stoo ya vipuri. Stoo haina viti, na mkutano usio na viti huwa haukawii. Alisema wateja wakubwa wamefunga maofisi yao, ghorofa zimebaki tupu, na pasipo watu wa kupanda na kushuka hapana lifti ya kuharibika. Akasema hatamwachisha mtu kazi. Badala yake posho ya dharura inafutwa, na kila mmoja atafanya kazi siku tatu kwa wiki badala ya sita. Alilisema kama mtu anayegawa zawadi. Mtunza stoo akamuuliza kama na njaa itakuwa ya siku tatu kwa wiki. Bosi akasema hilo ni swali zuri, akatoka.

Hapo ndipo Nusu aliposema kwamba sasa kampuni nzima imechukua jina lake na hakuna aliyemwomba ruhusa. Tulicheka mpaka mtunza stoo akatufukuza.

Nusu nimekutajia mara nyingi, lakini sidhani kama nimewahi kukueleza jina lilikotoka. Wiki yake ya kwanza kazini alisimamisha lifti katikati ya ghorofa mbili, bosi akiwa ndani na mgeni wake, na ilichukua muda mrefu kuwatoa. Bosi alitokea kwenye upenyo wa mlango kuanzia kiunoni kwenda juu. Tangu siku hiyo ni Nusu. Mke wake anamwita Nusu. Ni mwaka wa tisa sasa tunafanya kazi jozi moja.

Lazima nikueleze jozi ni nini, vinginevyo hutaelewa kilichonipata. Lifti haitengenezwi na mtu mmoja. Mmoja anakaa juu kabisa ya jengo, kwenye chumba cha mota. Mwingine anasimama juu ya paa la kibanda cha lifti, ndani ya shimo, gizani, na tochi kichwani. Hamuonani. Mnazungumza kwa redio ya mkononi, na kuna sheria moja ambayo hakuna anayeivunja: neno likisemwa linarudiwa kabla halijatendwa. Mimi nikiwa shimoni nikisema shusha, Nusu anajibu nashusha, halafu ndipo anashusha. Nikisema simama, anasema nasimama. Asiporudia, hakuna kinachosogea, hata kama nimesikika vizuri. Hiyo ndiyo inayowaleta mafundi wa lifti nyumbani na vidole vyao vyote.

Kutokana na hilo kuna desturi nyingine ambayo haikuandikwa popote. Fundi akitaka mkopo wa chama, mdhamini wake huwa ni mwenzake wa jozi. Kumwendea mtu mwingine ni kama kumwambia mwenzako kwamba shimoni unamwamini lakini mezani humwamini. Nilipokopa kwa ajili ya kuezeka nyumba ya Mama, Nusu ndiye aliyenidhamini. Mwaka uliofuata yeye alikopa ada ya binti yake wa chuo cha uuguzi, nikamdhamini mimi. Tulitia saini juu ya kifuniko cha sanduku la vifaa, wakati wa chakula cha mchana, vidole vina grisi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria zaidi ya hapo. Deni lilikatwa kila mwezi, mshahara ulitosha, posho ya dharura ikawa ya kutumia.

Mshahara ulipokatwa nilimudu rejesho la mwezi wa kwanza. La pili nililipa kipande. La tatu sikulipa. Sheria ya chama naijua: mkopaji akinyamaza, wanamwendea mdhamini, na hawamwendei kwa maneno. Wanamkata kwenye mshahara. Maana yake Nusu, ambaye mshahara wake umekatwa kama wangu, angefungua karatasi yake ya malipo siku moja akute bati za Mama zimeezekwa juu ya mshahara wake.

Ningemwambia. Naandika hivyo kwa sababu kila asubuhi nilitoka nyumbani nikiwa nimeamua kumwambia, na kila jioni nilirudi sijamwambia. Si kwamba alikuwa mbali. Sauti yake ilikuwa sikioni mwangu siku nzima. Pandisha, napandisha. Simama, nasimama. Kazi ikiisha kila mtu anazima redio yake na hakuna neno. Zamani tulikula mchana pamoja kwenye chumba cha mota, tumekalia masanduku, yeye akinisimulia maisha ya majirani zake ambao sijawahi kuwaona lakini nawajua hadi madeni yao. Nikaanza kumwambia tumbo linanisumbua. Naye, bila kuuliza tumbo limekuwaje, akaniambia siku hizi anakula kwa binamu yake aliyefungua kibanda cha chakula karibu. Nilifurahi. Fikiria, Dada, nilifurahi kwamba rafiki yangu hatakula nami.

Ofisi ya chama iko ghorofa ya nne katika jengo la kampuni, na mlango wake unatazamana na lifti. Ukitoka kwenye lifti unaangukia macho ya karani. Kwa hiyo nikawa napanda ngazi, nikizunguka kwa nyuma kwenda stoo ya juu. Mlinzi wa pale chini alinitazama kwa wiki nzima, kisha akaniuliza mbele za watu: fundi wa lifti anapanda ngazi, kuna nini mnachokijua nyinyi ambacho sisi hatukijui? Watu waliokuwa wakisubiri lifti walicheka, lakini niliona wawili wakinifuata kwenye ngazi.

Nyumbani nimehama kile chumba na sebule. Sasa nina chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Dirisha linatazama ukuta wa jengo la jirani, na ukutani kuna bomba la maji linalotona. Televisheni nimeiuza. Viti nimeviuza, nimebakiza kimoja, kwa kuwa mgeni hakuna. Siku ambazo hakuna kazi ndizo ngumu. Nafua, napiga pasi hata soksi, halafu natembea. Napita majengo ambayo lifti zake nimezitengeneza, na nje nikisimama nasikia kwa masikio yangu mota ipi inahitaji mafuta. Siingii. Nitasema nini mapokezini? Narudi. Kuna juma moja lilipita nikagundua, nilipomwambia muuza mkate asante, kwamba sauti yangu imekauka kwa kutotumika. Hiyo ndiyo hali, na sikuandikii ili unionee huruma. Nakuandikia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Wiki iliyopita, Jumatano, tulipelekwa kwenye jengo la ofisi lenye ghorofa kumi na mbili. Nyingi ni tupu. Nilikuwa juu ya kibanda kati ya ghorofa ya saba na ya nane nikikagua reli, Nusu akiwa juu kwenye mota. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeona tangazo la chama ubaoni kwamba makato ya wadhamini yanaanza mwisho wa mwezi. Nikamwambia kwenye redio simama. Akajibu nasimama. Kibanda kikatulia. Ilitakiwa niseme neno linalofuata la kazi, na nilijua ni lipi. Badala yake nikabonyeza redio nikasema: sijalipa chama, na watakukata wewe.

Sikupanga. Labda ni giza, labda ni kwa sababu simwoni uso. Sauti ya Nusu ikatoka vilevile inavyotoka siku zote, bila kupanda wala kushuka: hujalipa chama, na watanikata mimi.

Alirudia, Dada. Mazoea ya miaka tisa. Mimi nikasimama pale na tochi yangu, nimeshika kamba ya chuma, nasubiri matusi. Kisha redio ikakwaruza, Nusu akasema: na mimi sijalipa, watakukata wewe.

Nikarudia. Hujalipa, watanikata mimi.

Halafu nikasikia kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni hitilafu ya redio. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka ikabidi nimkumbushe kwamba niko shimoni na yeye ndiye mwenye breki.

Aliponipandisha tulikaa kwenye masanduku yetu na hakuna aliyeshika kazi mpaka mchana. Ikadhihirika kwamba hakuna binamu wala kibanda cha chakula. Siku zote zile nilipokuwa nakula mkate mkavu juu ya paa la jengo kwa ajili ya tumbo langu, yeye alikuwa chini kabisa, kwenye chumba cha pampu, anakula mkate mkavu kwa ajili ya binamu yake. Aliniuliza kama nilikuwa nanunua ule mkate wa duka la kona, nikasema ndiyo. Akasema mbaya sana, nikasema mbaya sana. Binti yake ameshafika mwaka wa mwisho wa chuo, na wamemwambia asipomaliza ada hatafanya mtihani. Mke wake ndiye aliyekuwa akimsukuma azungumze nami, na kila asubuhi alitoka nyumbani akiwa ameamua, na kila jioni akarudi hajazungumza. Nilimwambia naijua ratiba hiyo.

Jana tukaenda kwa karani, kwa lifti. Mlinzi alipotuona tumeingia alipiga makofi.

Karani ni mama mtu mzima, mkali wa maneno, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza mdhamini wangu nani, Nusu akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akamuuliza Nusu mdhamini wake nani, nikanyoosha mimi. Akavua miwani. Akasema tangu mwezi uliopita amekuwa akipekua na amegundua kwamba mafundi wote wa lifti wamedhaminiana wawili wawili, jozi kwa jozi, na kwamba kumkata mmoja ili kumlipia mwingine ni kutoa pesa mfuko wa kushoto na kuitia wa kulia, na mifuko yenyewe imetoboka. Nusu akauliza kwa upole ni nani aliyepitisha mikopo ya namna hiyo. Karani akasema ni yeye. Tulimzoea kuwa mtu wa upande wa pili wa dirisha, lakini alisema Alhamisi atakaa upande wetu wa meza, kwa sababu na yeye ameitwa kujieleza.

Kisha akatuambia la kufanya. Tusije na ahadi, tuje na karatasi za mshahara. Tusiombe kusamehewa deni, kwani halisamehewi. Tuombe lirefushwe, na tutaje rejesho ambalo tutaliweza hata mwezi ule mbaya kuliko yote. Kuanzia dakika ile tusikope tena popote ili kulipa pengine. Akasema kamati humsikiliza anayekuja kwa miguu yake, na anayefuatwa huwa hawamsikilizi sana. Mwisho akasema lazima tutaje madeni yote mengine, yakiwemo ya kwenye simu, na pesa zote tunazotuma nje. Akaninyooshea kidole: zote.

Hapo, Dada, ndipo nilipolazimika kusema mbele ya watu wawili jambo ambalo wewe ndiye uliyestahili kulisikia kwanza.

Mshahara wangu umekuwa nusu tangu mwanzo wa mwaka, lakini pesa ninayokutumia kwa ajili ya Mama haikupungua hata mwezi mmoja. Uliniuliza mwezi wa nne ninawezaje, kwa kuwa ulisikia makampuni ya huku yanayumba. Nikakujibu kwamba nimepandishwa cheo, mimi ndiye fundi mkuu sasa. Hakuna cheo. Hapa kwetu hakuna hata kazi hiyo. Pesa nilizotuma tangu wakati huo nilikopa kwa wale wanaokopesha kwa simu, wa kwanza nikamlipa kwa mkopo wa pili, wa pili kwa wa tatu. Wanakupa haraka na riba yao ni kali. Dada mmoja wa huko alikuwa akinipigia na sauti tamu, kaka yangu hujambo, kaka yangu tunakukumbusha tu. Nilipochelewa akawa yuleyule, sauti ileile, ananiita we mzee. Ndiyo maana simu naizima.

Walipotaka namba za watu wawili wa karibu nami niliwapa ya Nusu na yako. Sikukuuliza. Nisingeweza kukuuliza bila kukueleza.

Nusu aliposikia hayo pale dirishani akasema kwake walishapiga, zamani. Walimtaka aseme niko wapi, naye akawajibu ukweli, kwamba niko shimoni. Wakampa pole ya msiba na hawakupiga tena kwa wiki mbili. Karani alicheka hadi akafuta macho. Mimi nilicheka pia, lakini nikiwa kwenye lifti kurudi chini nilielewa kwamba Nusu alijua tangu hapo kwamba nina shida. Alijua akanyamaza, kwani kama angeniuliza yangu, na mimi ningemuuliza yake.

Kwako watapiga, kama bado. Usiwalipe chochote. Usiuze kitu. Waambie tu kwamba mwenye deni ni mtu mzima na anashughulika. Nimeshawapelekea ujumbe wote watatu kuwaeleza nitakachoweza kulipa na lini. Mmoja amekubali, mmoja amenitukana, wa tatu hajajibu.

Kuhusu pesa ya Mama: kuanzia mwezi huu nitatuma nusu ya ile uliyozoea. Karani alitaka niifute kabisa kwa mwaka mmoja. Nilikataa, tukabishana, akaandika nusu. Najua dawa ya goti inakula kiasi gani na najua kitakachobaki hakitoshi kitu kingine. Itabidi wewe na shemeji mbebe zaidi yangu kwa muda, na mimi niwe ninayewashukuru. Kazi hiyo sina uzoefu nayo. Bati zenyewe zimeshaezekwa. Hakuna atakayekuja kuzing'oa, hilo mhakikishie Mama kama atauliza.

La fundi mkuu ndilo linaloniuma. Umeniambia kwamba Mama amewaeleza majirani wote, hadi yule wanayegombana naye mambo ya mpaka. Sikuombi unifichie wala sikuombi umwambie kwa niaba yangu. Nitamwambia mwenyewe. Wewe nakuomba uwe karibu naye siku hiyo, na kiti kiwepo.

Nisalimie nyumba nzima. Shemeji mwambie ile koleo yake ninayo na sijaiuza. Kitinda mimba mwambie lifti haianguki kwa sababu kuna mtu juu na mtu ndani, na kila mmoja anarudia anachosema mwenzake.

Kamati inakaa Alhamisi saa nne asubuhi, mimi na Nusu tunaingia pamoja. Saa sita mchana nitaiwasha simu na sitaizima tena. Nipigie. Kabla hujanigombeza, na una haki ya kunigombeza, rudia kwanza kwa maneno yako mwenyewe niliyokuambia humu, nijue yamefika. Kisha umpe Mama simu.

Mdogo wako,
fundi, si fundi mkuu